Kilo za Nafula

Kama umetoka hospitali juzi ukaambiwa dawa yako ni mazoezi, na mazoezi yenyewe yanakuliza kuliko ugonjwa, hii nimekuandikia wewe. Sitakueleza habari za mifupa. Hizo daktari atakueleza, na ukifika getini utakuwa umeshazisahau. Mimi nitakuambia vile nilivyoishi na mgongo uliokakamaa, na kosa nililofanya nikiwa katikati ya matibabu. Watu wangu hunipooza wakisema ni ugonjwa ulifanya hivyo. Huwa nawaacha waseme kwa sababu wananipenda, lakini kosa lilikuwa langu.

Binti yangu alizaliwa wakati wa mvua za El Niño, ndiyo maana anaitwa Nafula. Kwetu Wabukusu mtoto wa kike akizaliwa mvua ikinyesha, jina limeshapatikana, hamhitaji kukaa kikao. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Kitengela, mimi na baba yake. Yeye alikuwa na kazi kwenye kiwanda cha simiti upande wa Athi River, mimi nilikuwa mwalimu wa nasari. Udongo mweusi wa Kitengela ukinyeshewa, mguu unaenda na kiatu kinabaki. Nilitembea kwenye tope hilo nikiwa na mtoto mgongoni na sikuona shida. Leo nikikumbuka najiona nilikuwa tajiri.

Maumivu yalianzia kiunoni, chini kabisa, kama mtu ameniwekea ngumi hapo akakataa kuitoa. Nilidhani ni uzazi. Kila mtu alidhani ni uzazi. Nikapewa vidonge, nikapewa vingine, nikakandwa na maji moto na jirani. Kufikia mvua zilipokatika nilikuwa naamka asubuhi kama ubao. Sikuweza kugeuka. Baba Nafula alikuwa ananishika miguu, anaishusha chini ya kitanda, halafu ananivuta mabega mpaka nikae, na hapo ndipo nilipoanza kuwa mtu. Ilinichukua saa nzima, siku zingine mbili, kabla ya kuweza kuinama niokote kitambaa. Jambo la ajabu ni kwamba nikitembea nilipata nafuu, nikikaa nikakakamaa tena. Watu waliona ninatembea sokoni mchana, wakasema huyu ana uvivu wa asubuhi.

Nafula alipofika miezi kumi na moja alikuwa anatambaa kama mtu anayefukuzwa. Asubuhi moja baba yake alikuwa ameenda shifti. Alikuwa amenikalisha kitandani, na mimi nilikuwa nangoja mwili ukubali. Mtoto akashuka, akatambaa hadi mezani, akashika kitambaa cha meza. Juu kulikuwa na sufuria ya chai. Niliona kitambaa kinavutwa. Niliita jina lake, nikajaribu kuinuka, na mgongo ukanirudisha kitandani. Sufuria ilianguka kando yake. Chai ilimchoma vidole viwili vya mguu, basi. Jirani alikuja mbio akamwokota, na mimi nilikuwa bado pale pale kitandani, nimenyoosha mikono.

Vidole vilipona kwa wiki moja. Mimi sikupona.

Mama mkwe alitoka Kimilili akaja kutuona. Huyo mama sina neno baya juu yake mpaka leo. Alikaa siku nne, akanipikia, akaniosha miguu kwa sababu sikuifikia. Siku ya tano akasema kwa upole, "Mama Nafula, wacha niende na mtoto. Ujitibu ukiwa na nafasi." Hilo kwetu ni jambo la kawaida. Mtoto kulelewa na nyanya yake si kutupwa. Hata mimi nililelewa na wangu miaka miwili na sikukosa chochote.

Baba Nafula alisita. Alisema tutafute msichana wa kazi. Ni mimi niliyesema, "Mpeleke." Halafu nikaongeza neno ambalo hakuna aliyeniuliza. Nilisema, "Nitakuja kumchukua siku nitakayoweza kumfunga mgongoni nimbebe kutoka steji hadi nyumbani. Kabla ya hapo sikanyagi huko."

Wasiotoka kwetu labda hawataelewa kwa nini nilisema hivyo. Mke wa boma akifika nyumbani kwa wakwe wakati wa Krismasi, hakai. Anaamka kwanza, anachota maji mtoni, anafagia uwanja, anasonga ugali wa watu ishirini, na mtoto yuko mgongoni. Hakuna anayemwamuru. Lakini akikaa, wake wa mashemeji wanamwona, shangazi wanamwona, na jambo hilo litazungumzwa mpaka Krismasi nyingine. Mimi nilikuwa ndiye mke wa Nairobi, eti ticha. Nifike nikae kwenye kiti na wageni, niletewe chai, na mtoto wangu abebwe na mwingine mbele yangu? Nilisema afadhali nisionekane. Nilikuwa na kichwa kigumu, na bado ninacho, ila sasa najua kilinigharimu nini.

Mwaka uliofuata ndio nilipata jina la ugonjwa wangu, baada ya kuzungushwa kliniki hii na ile. Daktari alisema uti wa mgongo unakakamaa, hautaisha, na nisipoufanyia kazi nitainama nibaki hivyo. Akaniandikia fizio Kajiado, kila Jumanne. Nilifurahi. Nilidhani fizio ni kukandwa.

Sasa wewe unayeanza, sikiliza. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, kina kitanda kirefu cha mbao chenye godoro jembamba la raba, kamba zimening'inia ukutani, na harufu ya dawa ya kuchua. Aliyenihudumia alikuwa Mkamba mmoja mnene, mpole, daktari Mutua. Aliniambia nisimame nimeupa ukuta mgongo, visigino viguse, kisha niguse ukuta na kisogo. Kisogo hakikufika. Alipima nafasi iliyobaki kwa vidole vyake, vikaingia vinne. Mimi mwenyewe sikuwa najua kuwa nimeinama kiasi hicho. Nilikuwa na miaka ishirini na saba.

"Hii ndiyo tutaipigania, mama," akasema. "Nitakuumiza. Nikikuumiza sana sema. Nikikuumiza kidogo, nyamaza tuendelee."

"Nitajuaje ni kidogo?"

"Ukiweza kuniuliza hivyo, ni kidogo."

Alinilaza kifudifudi, akaniwekea kitambaa cha maji moto, halafu akaweka kiganja kwenye kiuno na mkono mwingine chini ya goti langu, akaliinua. Sijui niseme nini. Kuzaa kunauma, lakini kunaenda mahali. Haya maumivu yalikuwa yanauma yakirudi pale pale. Niliuma ncha ya leso mpaka ikawa na matundu. Watu waliokuwa kwenye benchi nje walinisikia, na nilipotoka walitazama chini, kwa adabu.

Mmoja tu hakutazama chini. Alikuwa mama wa Kimaasai kutoka upande wa Isinya, makamo, anayetibiwa nyonga. Tuliitana mama tu. Alinisogezea nafasi akaniambia niegemee bega lake, na nikaegemea bila hata kumsalimu. Baadaye akanifundisha salamu ya kwao. Yeye akisema "Takwenya," mimi niseme "Iko." Kila Jumanne tulianza hivyo. Wakati mwingine sikuwa na neno lingine la kusema siku nzima ila hilo.

Mutua aliniuliza mapema sana, "Mama, unataka mgongo huu ufanye nini? Usiseme upone. Sema kazi." Nikamwambia nataka kumbeba mtoto wangu. Akauliza ana kilo ngapi. Nikasema, mara ya mwisho kliniki, tisa. Akatikisa kichwa kama fundi aliyeonyeshwa kazi ngumu lakini inayofanyika. "Sawa. Tutafika tisa."

Kwa miezi mingi hakunipa uzito wowote. Ilikuwa ni kunyooshwa, kulala kifudifudi kila jioni, kupumua mpaka mbavu zifunguke. Mbavu zangu zilikuwa zimeanza kujifunga pia. Nikipiga chafya nilishika ukuta. Baada ya baridi ya Julai kwisha, akaniambia ninunue pakiti ya unga wa ugali, ile ya kilo mbili, niifunge mgongoni na leso kama mtoto, nitembee nayo kila jioni. Ikiwa nyepesi niongeze.

Nilifunga. Baba Nafula ndiye aliyekuwa ananiinamisha na kukaza fundo, kisha anatembea nyuma yangu, hatua moja, mikono tayari. Tulikuwa tunatoka plotini mpaka kioski cha kona na kurudi. Watoto wa plotini waliona mwalimu wao wa zamani anabeba unga mgongoni na hauteremshi dukani wala jikoni. Wakaniita Mama Unga. Mmoja akaniuliza kama mtoto wangu ni unga. Nikamwambia ndiyo, na akikua atakuwa uji. Nilicheka nao, halafu nikaingia ndani nikalia mpaka Baba Nafula akafungua redio kwa sauti ili majirani wasisikie.

Mama mkwe alisoma hadi darasa la nne na barua zake zilikuwa fupi. Nilimwomba aniandikie uzito wa mtoto, naye akatii. "Nafula kilo kumi na nusu. Ana meno. Hajambo." Mimi nilikuwa na kilo mbili. Ukame ukaja, ng'ombe wa Wamaasai wakawa wanapitishwa barabarani wakitafuta majani mpaka Nairobi, vumbi likawa linaingia hadi kwenye sukari. Nilifika kilo nne. Barua ikaja. "Kilo kumi na mbili. Anaimba." Nilifika sita, mgongo ukawaka, nikalala wiki tatu, nikarudi mbili. Alipoacha kupelekwa kliniki, nyanya yake alikuwa anampima kwenye mizani ya yule anayenunua mahindi, anamning'iniza kwa gunia. "Kumi na tatu na nusu. Alicheka sana kwa mizani."

Hilo la kucheka kwa mizani nililisoma mara nyingi kupita kiasi. Nilikuwa sijawahi kusikia kicheko chake akiwa na meno.

Kwenye benchi, yule mama wa Isinya alikuwa ananiuliza, "Leo wewe kilo ngapi? Na yeye kilo ngapi?" Nilikuwa namwambia. Siku moja, ng'ombe wake wengi wakiwa wameshakufa, alisema, "Wewe nakimbiza huyu mtoto, na yeye nakimbia. Nani nabeba yeye sasa?"

"Nyanya yake."

"Basi yeye najua mgongo ya nyanya."

Nilimkasirikia. Nilikaa mbali naye Jumanne mbili nzima, na yeye alikuwa ananisalimu vile vile, "Takwenya," kana kwamba hajaona. Jumanne ya tatu nikarudi begani kwake, kwa sababu lilikuwa bega la pekee kwenye benchi lile lililonipokea.

Krismasi ya kwanza Baba Nafula alienda peke yake. Ya pili pia. Ya tatu tuligombana. Alikuwa ameshafunga begi.

"Twende hata ukae tu," akasema.

"Nikae, na maji achote nani?"

"Maji yamekuwa yakichotwa miaka yote hiyo bila wewe."

"Ndiyo hiyo nasema."

"Mama hajali mambo ya maji. Mtoto anaanza kuuliza."

"Anauliza nini?"

Akafunga zipu ya begi. "Anauliza kama wewe ni mtu wa kweli ama ni picha."

Hapo mwanamke mwenye akili angevaa viatu. Mimi nilisema, "Niko kilo kumi. Mwakani." Aliondoka bila kuniaga vizuri, na kwa siku zile alizokuwa hayupo hakuna aliyenishusha miguu kitandani. Nilikuwa najivingirisha mpaka sakafuni, kisha napanda kwa kushika kiti. Siku ya Krismasi yenyewe nilitumia kilo kumi zangu. Nilizifunga mwenyewe, nikatembea mpaka kioski, kikawa kimefungwa, nikarudi. Ndoa yetu haikuvunjika, lakini tangu mwaka ule Baba Nafula aliongea nami kwa uangalifu, vile mtu anaongea na mgonjwa wa mtu mwingine.

Kwa upande wa mwili, nilikuwa napata ushindi. Ninasema hivyo ili usikate tamaa. Kisogo changu kilikuwa kimebaki vidole viwili kutoka ukutani. Niliweza kuvaa soksi. Nilirudi nasari, nikawa nafundisha nimesimama, na mwalimu mkuu akanitafutia stuli ndefu. Watoto wa watu walikuwa wananishika sketi, wananiita ticha, ticha, na nilikuwa nawapangusa kamasi huku nikihesabu moyoni Nafula angekuwa kwenye meza gani.

Nilipofika kilo kumi na nne, pakiti saba ndani ya kiroba, daktari Mutua alifurahi kuliko mimi. Ilikuwa Novemba, mvua fupi zimeanza. Akasema, "Jumanne ijayo unga uache nyumbani. Njoo na mtoto. Nataka nikufundishe kumpandisha mgongoni bila kujipinda."

"Mtoto yuko Kimilili, daktari."

"Ameenda lini?"

"Akiwa na miezi kumi na moja."

Alikuwa ananikunjia kitambaa cha maji moto. Alikiweka chini. "Mama, sasa ana miaka mingapi?"

"Minne na kitu."

"Mimi nimekuwa nikidhani unatoka hapa unaenda kwake. Nilidhani hizo pakiti ni za mazoezi, na mtoto yuko pale nyumbani anakungoja." Alivuta stuli akaketi mbele yangu, na huyo mtu hakuwa na desturi ya kuketi. "Nani alikuambia mtoto wa miaka minne anataka kubebwa? Nani alikuambia hata yule wa mwaka mmoja asingekaa tu mapajani?"

Ni mimi nilijiambia.

"Ungeniambia mwaka wa kwanza, mama," akasema polepole. "Ningekupa kazi nyingine. Ningekupa kazi ya kukaa sakafuni naye."

Nimewaza sana juu ya kazi hiyo aliyosema. Ya kukaa sakafuni. Ningeiweza. Hata siku ile ya sufuria ya chai, kama kitanda kingekuwa godoro sakafuni, ningemfikia. Ilihitaji msichana wa kazi, godoro chini, na kuacha kiburi. Wewe unayesoma, kama uko na mtoto mdogo na mwili umekukataa, tafadhali usimpeleke mbali ukingoja kupona. Ugonjwa wetu huu hauponi, unazoeleka. Mtoto naye anazoea, na anazoea haraka kuliko sisi.

Mwezi wa Desemba nilienda Kimilili. Mama mkwe alinikumbatia mlangoni na hakusema neno juu ya miaka. Wake wenzangu walichota maji na kunipitia wakicheka vizuri, bila ubaya, wakaniambia pole. Hakuna aliyenihesabia. Yale maneno niliyoyaogopa miaka minne hayakusemwa na mtu yeyote, na nilikaa kwenye kile kiti nikiyangoja.

Nafula alikuwa mrefu, mwenye magoti ya kukwaruzwa. Nyanya yake alimsukuma mbele, "Msalimie mama yako." Alinipa mkono, mkono wa kushoto ukishika kiwiko cha kulia, kwa heshima nyingi, vile mtoto aliyefunzwa vizuri hupokea mgeni. Akasema, "Hujambo, anti." Nyanya yake alimwita pembeni akamrekebisha, nikasikia akimjibu bila utundu wowote, "Lakini mayi ni wewe." Mayi ni mama kwa lugha yetu.

Januari tulikuja naye Kitengela. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyesisitiza. Alisema mtoto ana haki ya kwao, akaingia ndani hakutoka kutuaga. Nilikuwa nimemnunulia Nafula kitanda. Nilimtia darasani kwangu. Alikuwa mtiifu, na huo utii uliniua. Hakulia mbele yangu. Alikula vijiko vitatu, akasema asante, akaosha sahani yake. Alilala amegeukia ukuta. Kila asubuhi alitazama baba yake akinishusha miguu, kwa macho ya mtu aliyeingia hospitali kumwona asiyemjua. Nilikaa naye sakafuni, ndiyo, kila jioni nilikaa. Nilijaribu hadithi, nilijaribu peremende, nilijaribu nyimbo za nyanya yake na nikakosea maneno, naye akanisahihisha kwa upole. Alianza kukonda. Uso ukawa mdogo. Sikuhitaji mizani ya mahindi kujua.

Wiki ya tatu alinikuta nikifua uani. Alikuwa amevaa viatu, ameshika kile kimfuko chake cha nguo. Akasimama vizuri, mikono pamoja.

"Anti, nimemaliza kutembea," akasema. "Sasa nipeleke nyumbani."

Nilimuuliza kama nimemkosea. Akatikisa kichwa. Nilimuuliza kama angependa kukaa kidogo, mpaka mvua. Akaniambia mayi atakuwa hana wa kumwashia taa. Alisema kwa utulivu, na nikaona kuwa ameyafanyia mazoezi maneno hayo siku nyingi, peke yake, akiangalia ukuta. Mimi najua mazoezi. Najua yanavyochosha.

Baba Nafula alisema tumpe muda, watoto huzoea. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na labda alikuwa sahihi. Sijui. Huwa najiuliza hata leo. Lakini nilikuwa nimemng'oa mtoto huyu mara moja kwa sababu yangu, na sikuweza kumng'oa mara ya pili kwa sababu hiyo hiyo.

Naandika haya Nafula akiwa darasa la tano. Huja Agosti, hukaa wiki mbili, husoma vitabu vyangu, na tunaongea. Sasa ananiita mama, alianza akiwa na miaka minane, nadhani aliamua kunipa. Mgongo wangu uko vile ulivyo. Vidole viwili hadi leo, havijaongezeka. Bado nalala kifudifudi kila jioni. Fizio nilimaliza na sikumaliza, wanaojua wataelewa. Yote hayo ni mazuri na ninamshukuru Mungu kwa hayo. Lakini nilisema nitakuambia kosa, na kosa lina siku yake.

Baada ya wiki zile tatu nilimrudisha mwenyewe, mimi na yeye tu. Tulifika steji ya Kimilili jioni kabla jua halijazama, na alikuwa amelala kabisa, kichwa kimeangukia mkono wangu. Nilijaribu kumwamsha, hakuamka. Kondakta akanisaidia kumshusha. Nikainama vile Mutua alivyonifundisha kwa pakiti, magoti kwanza, mgongo bila kuupinda, nikampandisha, nikazungusha leso, nikafunga. Alikuwa kama kilo kumi na sita, labda pungufu kwa vile alikuwa amekonda kwangu. Nikaanza kutembea.

Kutoka steji hadi nyumbani ni mteremko, kisha daraja, kisha kilima. Iliniuma, usidhani haikuniuma. Kwenye kilima nilipumua kwa mbavu zote nilizofunguliwa Kajiado. Alikuwa na joto. Pumzi yake ilikuwa inaniingia shingoni, na mguu wake ulikuwa unanigonga pajani kila hatua, mguu mrefu, wa mtoto mkubwa. Watu walinisalimia njiani kama wanavyosalimia mama yeyote aliyebeba mtoto wake. Nilikuwa nimengoja siku hiyo miaka minne. Mgongo ulikubali. Niliuomba ukatae, unilaze hapo hapo njiani nisifike, na kwa mara ya kwanza tangu niugue ulikubali.

Mama mkwe alikuwa uwanjani anaanua mahindi. Alinyanyuka akashika kiuno, akatutazama mpaka tukafika.

"Umembeba wewe?"

"Nimembeba."

"Kutoka steji?"

"Kutoka steji, mama."

Aliweka mkono mdomoni. Alikuja nyuma yangu akafungua fundo, maana vidole vyangu vilikuwa havina nguvu tena. Nafula akaamka mikononi mwake, akaangalia uwanja, akaangalia mahindi, akamkumbatia shingoni kwa nguvu zote, akacheka. Kicheko kile cha kwenye barua. Halafu akateremka, akavuta gauni lake likakaa sawa, akaja mbele yangu akanipa mkono, wa kushoto ukishika kiwiko.

"Asante kunileta, anti."